Viatu vya Arusi na Maji ya Kirui

Jumatatu, 14 Machi 1955. Nguvumali, Tanga.

Nina madaftari mawili. La jalada jekundu ni la ofisi ya misitu, na humo nitaandika mambo ambayo Bwana Mkubwa atayasoma. La pili ni hili, na humu nitaandika mambo yaliyotokea.

Kazi niliyopewa ni kuzunguka visiwa kwa mashua, kuanzia Karange kusini mpaka Kirui kaskazini, nikipigilia vibao ishirini na vinne vilivyoandikwa NI MARUFUKU KUKATA MIKOKO BILA RUHUSA. Nimalize kabla masika hayajakolea. Nikimaliza nitapata likizo ya wiki mbili, nami naihitaji sana, kwa kuwa Jumatatu ya Pasaka, tarehe 11 Aprili, saa nne asubuhi, mimi Fanueli namwoa Ruthi.

Nilimwandikia baba yake, Mzee Noa, kumweleza habari za safari. Amenijibu kutoka Mlalo kwa mistari miwili. “Mshambaa anatafuta nini baharini? Sisi tutateremka mlima mara moja tu, hatutateremka mara ya pili.” Mzee Noa si mtu wa mzaha. Mchumba wa kwanza wa dada yake Ruthi alichelewa siku moja kwa sababu basi liliharibika njiani, na dada huyo leo ana watoto watatu na mtu mwingine.

Ruthi, ambaye ni mwalimu hapa Chumbageni, amenichagulia viatu vya arusi. Ni vyeusi, vinang'aa, na ni namba saba. Mguu wangu ni namba nane, lakini duka lilikuwa na namba saba tu na Ruthi alikwisha kuvipenda. Ndani ya kiatu cha kulia ameweka kikaratasi: “Uvivae kidogo kidogo kila siku, visije vikakubana kanisani.”

Nitavivaa safari nzima. Sharti langu ni moja, visiguse maji ya chumvi.

Jumanne, 15 Machi.

Nimeiona mashua. Inaitwa Tawakali. Nahodha ni Mzee Mwinyijuma wa Tongoni, mwenye umri kama miaka sitini, mwembamba, jicho moja kalifumba kidogo muda wote kana kwamba anapima kitu. Baharia ni mmoja, Haji, ambaye pia ni mpishi, na hilo la upishi naambiwa nisilitilie maanani.

Nikampa nahodha shikamoo, akaitikia vizuri, akavitazama viatu vyangu, akamtazama Haji. Nikamwambia tunaondoka kesho tarehe kumi na sita.

“Kesho ni Rajabu ishirini na moja,” akasema.

“Kwa kalenda ya serikali ni ngapi?”

“Sijui, bwana karani. Samaki hawajapata kuniuliza.”

Nimeandika katika daftari jekundu kwamba nahodha ni mtu wa zamani.

Jumatano, 16 Machi.

Kutapika.

Alhamisi, 17 Machi. Kisiwa cha Yambe.

Nieleze namna watu wanavyoteremka chomboni huku. Mashua haifiki pwani. Inasimama kwenye maji ya kiunoni, na abiria ama anakunja nguo anatembea, ama anabebwa mabegani mwa baharia. Mimi nilibebwa, kwa ajili ya viatu. Tulikuwa tumebakiza hatua kumi hivi Haji akapiga chafya.

Nilianguka chali. Lakini hata katika kuanguka sikusahau sharti langu, nikainua miguu juu. Nahodha amesema kwamba kwa miaka arobaini hajapata kuona mtu amezama mpaka masikioni huku soli zake zimekauka. Daftari jekundu limelowa. Viatu havikulowa.

Sibebwi tena na mtu.

Jumamosi, 19 Machi. Karange.

Vibao sita vimekwisha pigiliwa. Kidole gumba nacho kimepigiliwa mara mbili. Viatu vinabana.

Jumapili, 20 Machi.

Nimeimba nyimbo mbili peke yangu huku tunaelekea kaskazini. Haji alikuwa akikaanga samaki, akauliza kama wimbo una kiitikio. Nikamwambia unacho. Wimbo wa pili akauitikia, akauharibu, lakini kwa moyo wote.

Jumanne, 22 Machi. Ulenge.

Vibao kumi na vitatu. Tulipokwisha kupigilia cha kumi na mbili, mama mmoja alikuja akakishika, akakigonga kwa vidole, akauliza kama mbao hizi zinatoka kwa wingi, maana zinafaa kabisa kwa kibao cha mbuzi cha kukunia nazi. Nikamsomea maandishi. Akasema maandishi hayamsumbui, atayageuzia chini.

Alhamisi, 24 Machi. Karibu na Kwale.

Upepo umekufa. Nahodha anasema haya ndiyo maleleji, kaskazi imekwisha na kusi haijaamua. Tumekaa mahali pamoja tangu saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri, tukiutazama mnazi uleule. Nikamwambia nahodha nina arusi tarehe 11 Aprili na kwamba ikiwa anavuta muda makusudi nitaandika barua kwa Bwana Mkubwa, nayo barua itakuwa ndefu. Aliendelea kushona tanga. Haji alisema kwa sauti ya chini, “Upepo nao uandikiwe.”

Nimelisikia hilo, na nimeliandika.

Jumamosi, 26 Machi. Kirui.

Leo niandike kwa utaratibu.

Tulifika Kirui saa kumi kasoro robo jioni, maji yakiwa yamejaa sana. Kisiwa hiki kimezungukwa na mikoko pande zote, na kijiji kiko ndani, nyuma ya mikoko. Kuna hori moja, yaani mkono mwembamba wa bahari, unaoingia ndani mpaka karibu na nyumba. Nahodha alitaka kutia nanga nje kwenye kina, maji yakishuka tutembee matopeni hatua kama mia tatu. Matope ya mikokoni nimekwisha yaona. Yanafika magotini, ni meusi, yananuka mayai viza. Nikavitazama viatu vyangu.

“Tuingie na mashua ndani,” nikasema.

“Bwana karani, haya ni maji ya bamvua, tena bamvua kubwa la mwaka mzima. Leo yanafika mahali yasikofika. Tukipanda nayo yatatufikisha mpaka mlangoni kwa mtu, kisha yatashuka yenyewe, yatuache.”

“Si yatapanda tena kesho?”

“Yatapanda. Hayatafika.”

Mimi nilizaliwa mlimani. Kwetu maji yana tabia moja, yanashuka. Nilipomsikia anasema maji yatapanda lakini hayatafika, nilijua ni uvivu wa kusukuma mashua kwa upondo hatua mia tatu. Nikamkumbusha juu ya barua.

Akaipima hori kwa jicho lile lililofumba. Kisha akasema, “Haji, shika upondo. Bwana karani anataka kulala nyumbani kwa kaa.”

Tuliingia. Matawi ya mikoko yalikuwa yakigusa tanga huku na huku. Mashua ilikwenda mpaka ikaegesha ubavu kwenye nyasi, nami nikateremka kwa hatua moja, mkavu, viatu vinang'aa, mbele ya kijiji kizima kilichokuja kutazama. Nilijiona gavana. Nikamgeukia nahodha nikamwangalia kwa macho ya mtu mwenye haki.

Saa mbili baadaye bahari haikuwepo. Sisemi imeshuka, nasema haikuwepo. Tawakali imelala ubavu msituni, kaa wanapita chini ya mkuku, uti wake wa mgongo, na jogoo wa kijiji amepanda juu ya foromali, ule mti wa kufungia tanga.

Jumapili, 27 Machi.

Nahodha amechomeka kijiti pale maji yanapotakiwa kufika ili mashua ielee. Maji yamekuja yamepungua vidole vinne. Nikauliza tutatoka lini.

“Shaaban kumi na tano.”

“Hiyo ni tarehe ngapi?”

“Ndiyo tarehe hiyo.”

Haji akanihurumia. “Kabla ya Pasaka yako, bwana. Usihofu.” Huyu mtu hafungi Kwaresima, hajui Jumatano ya Majivu ni kitu gani, anajuaje Pasaka yangu ni lini?

Daftari jekundu: “Chombo kimewekwa mahali salama pasipoweza kufikiwa na mawimbi.”

Jumatatu, 28 Machi.

Kijiti: yamepungua shibiri moja.

Jumanne, 29 Machi.

Kijiti: shibiri mbili. Mvua. Viatu nimeviweka juu ya kabati la Bi Semeni, ndani ya chungu kilichofunikwa.

Sijasema Bi Semeni ni nani. Ni mke mdogo wa nahodha. Anakaa hapahapa Kirui! Nilipolijua hilo leo, kila kitu kilinifungukia. Mzee ametuleta hapa akijua, akanyamaza akijua, ili apumzike siku kumi na nne kwa mkewe kwa gharama ya ofisi. Ni mjanja kuliko nilivyodhani. Nimeanza ile barua.

Jumatano, 30 Machi.

Barua imefika ukurasa wa tatu. Nahodha leo alikuwa juu ya paa, anaezeka makuti.

Alhamisi, 31 Machi.

Nahodha juu ya paa. Mvua inanyesha. Bi Semeni yuko chini, anamwonyesha panapovuja kwa kutumia mpini wa mwiko.

Ijumaa, 1 Aprili.

Kutoka msikitini, nahodha moja kwa moja juu ya paa. Nilimsikia Bi Semeni akimwambia, “Uliniambia utakuja Ramadhani. Nimejipangia mambo yangu mpaka Ramadhani. Sasa umekuja, basi na banda la kuku pia.”

Nimesimamisha barua kwanza. Mtu aliyekuja kupumzika hapumziki hivi.

Kijiti sikukipima. Kiko mbali na maji kama Mlalo.

Jumamosi, 2 Aprili.

Nimejaribu kutoroka. Asubuhi nilivuka kwa ngarawa mpaka Moa kutafuta lori la kwenda Tanga. Mwenye duka la Moa akasema lori halijaonekana wiki nzima, mto umefurika, na magogo ya daraja yamekwenda baharini kabla yangu. Nikawaomba wavuvi wanipeleke kwa ngarawa mpaka Tanga. Wakauliza kama najua kuogelea. Nikasema najua kuandika.

Nikaamua kutembea mpaka mtoni nikajionee mwenyewe. Nilivaa viatu, kwa kuwa karani wa serikali hawezi kuingia barabarani pekupeku. Baada ya maili mbili malengelenge mawili yalikuwa yamepasuka na la tatu linaiva. Mto niliuona. Ulikuwa na upana wa uwanja wa mpira, na mti mzima ulipita mbele yangu ukiwa wima. Nikarudi kwa ncha za vidole, visigino hewani.

Bi Semeni alinikanda kwa maji ya chumvi ya moto. Hakunicheka, ila alitoka nje mara mbili, na nikamsikia anacheka huko.

Jumapili, 3 Aprili. Matawi.

Wiki moja na siku moja. Ruthi leo yuko kanisani Tanga, ameshika tawi, na watu wanamwuliza bwana arusi yuko wapi. Nimelia kidogo nyuma ya banda la kuku.

Jumatatu, 4 Aprili.

Nahodha ameteremka kutoka paani, akanikuta nimekaa mbele ya kijiti. Akachuchumaa karibu nami, akanipa kipande cha muhogo wa kuchoma. Nikamwambia yote. Nikamwambia habari za Mzee Noa na mlima wa kuteremkwa mara moja, na dada yake Ruthi, na basi. Nikamwambia tarehe 11 itapita mimi nimekaa hapa na kaa.

“Haitapita,” akasema. “Pasaka yenu si ya mwezi?”

Nikasema Pasaka ni ya kalenda.

“Mwanangu, nimemchukua padre mmoja wa Kizungu miaka minane, Tanga mpaka Moa na kurudi. Yeye ndiye aliyenieleza. Usiku na mchana vikishalingana, mnangoja mwezi ujae, kisha Jumapili inayofuata ndiyo Pasaka. Tangu hapo sijauliza mtu. Mwaka huu mwezi unajaa Alhamisi hii. Bamvua linakuja siku mbili nyuma ya mwezi, basi Jumamosi. Jumapili ndiyo Pasaka yako. Hesabu mwenyewe.”

Nikahesabu. Nikahesabu tena kwa vidole. Mimi nimebatizwa, nimepata kipaimara, nimeimba kwaya miaka sita, na leo nimefundishwa Pasaka yangu na mtu anayefunga Ramadhani.

“Kwa nini hukukataa siku ile?” nikamwuliza. “Ungekataa kuingia humu.”

“Ulisema utaandika. Mwenzangu akishika kalamu, mimi nashika usukani tu.”

Niliona haya. Nikamega muhogo. Kisha nikaenda nikaitoa ile barua, kurasa tatu, nikampa Bi Semeni awashie moto. Akasema karatasi ya serikali inashika upesi.

Jumanne, 5 Aprili.

Kijiti: shibiri mbili. Yanarudi!

Lakini nahodha ana wasiwasi na haufichi tena. Siku si tatizo, anasema, tatizo ni kimo. Lile la tarehe 26 lilikuwa bamvua kubwa la mwaka. Hili linalokuja ni mdogo wake. Huenda likafika, huenda likasimama vidole vitatu chini ya kijiti likatutazama. Likishindwa hilo, tutangoja wiki mbili nyingine.

Jumatano, 6 Aprili.

Shibiri moja na nusu. Tumetoa mawe yote ya farumi tumboni mwa mashua ili iwe nyepesi. Nimebeba mawe pekupeku, matope yamefika magotini. Si mabaya kama nilivyodhani. Ni ya baridi, yanatuliza malengelenge.

Alhamisi, 7 Aprili.

Shibiri moja. Mwezi umejaa. Watu wote wa kijiji sasa wanapita kwenye kijiti kabla ya kwenda kisimani.

Ijumaa, 8 Aprili. Ijumaa Kuu.

Vidole sita. Nimeimba wimbo wa mateso chini ya mashua. Haji amekuja akakaa, akasikiliza mpaka mwisho, akasema huu hauhitaji kiitikio. Jioni Bi Semeni alileta vitumbua vya Nisfu Shaaban, akanipa sahani yangu peke yangu. Nilikuwa nafunga. Nilikula viwili, Mungu anisamehe, vilikuwa vya moto.

Jumamosi, 9 Aprili.

Alfajiri maji yalikuja. Tulisimama wote pale, nahodha, Haji, mimi, wanakijiji. Yakapanda, yakapanda, yakakifikia kijiti upande wa chini, yakasimama. Vidole vitatu. Tawakali ikatikisika kidogo, ikalala tena. Nilikaa chini matopeni.

Nahodha hakukaa. Alitembea akaizunguka mashua mara mbili, akasema, “Jioni yatapanda kidole kimoja zaidi. Vidole viwili tutavifanya wenyewe. Nataka magogo ya kuviringishia, matano, manene kama paja langu.”

Kila mtu akatazama mikoko. Kisha kila mtu akanitazama mimi.

Katika mti ulio karibu zaidi, kwa misumari minne niliyoipiga kwa mkono wangu, kilikuwepo kibao.

Nikaenda nikachukua daftari jekundu, nikachana ukurasa, nikaandika: “Namruhusu Karani Fanueli kukata mikoko mitano kwa haja ya serikali. Sahihi, Karani Fanueli.” Nikajisomea mbele ya watu, nikajikabidhi. Bi Semeni akasema ikiwa ruhusa yenyewe ni nyepesi hivyo, naye aandikiwe mitatu ya banda la kuku. Nikamwandikia. Nikamwandikia pia mzee wa msikiti, na mama mwenye mtumbwi. Ofisi haijapata kuwahudumia watu wa Kirui upesi kiasi kile.

Tulikata, tukatandika vibao vitano vilivyobaki chini ya magogo ili yasizame matopeni, tukangoja. Saa kumi na nusu maji yalirudi. Bi Semeni alikusanya wanawake wote na kamba mbili. Sijui ni nani aliyevuta zaidi, lakini najua ni nani aliyekuwa mbele kabisa, amejifunga kanga kiunoni, akiimba wimbo wa kumsindikiza mume wake kwa sauti ya furaha isiyo na kificho. Vibao vilivunjika kimoja kimoja, na neno la mwisho kupasuka lilikuwa MARUFUKU. Kisha mkuku ukalia, mashua ikateleza, ikaelea.

Nilikumbatiana na nahodha. Alinuka papa, nami nilinuka matope.

Bi Semeni alimrushia mumewe fungu la mkate wa kumimina na kumwambia, “Ramadhani!” Mimi alinirushia chungu chenye viatu.

Jumapili, 10 Aprili. Pasaka. Kwale, alasiri.

Kristo amefufuka, na kusi imefufuka naye. Tangu asubuhi upepo umetoka kusini, mbele ya uso wetu, na mvua kubwa. Tulikuwa tukibisha, yaani tukiukata upepo mshazari huku na huku, na Kwale haisogei. Wimbi moja lilipanda likaingia lote, na lilipotoka lilitoka na upo, yaani kile chombo chetu cha kukumba maji na kuyamwaga nje. Haji akakumba kwa sufuria. Maji yakawa yanaingia zaidi ya sufuria.

“Bwana karani!” nahodha akapiga kelele kutoka kwenye usukani. “Tafuta chochote kinachoshika maji!”

Nilitazama huku na huku. Hapakuwa na kitu. Nikafungua chungu.

Chungu chenyewe? Ndiyo, nilianza na chungu. Kikapasuka kwenye ubavu wa mashua mara ya tatu tu. Vikabaki viatu. Nilivishika mkononi nikavitazama, vinang'aa, havijapata kuonja chumvi kwa siku ishirini na sita. Nikamwona Ruthi dukani akivigeuza mwangani. Nikasema, Ruthi, ama viatu, ama mimi.

Kiatu namba saba kinachukua maji mengi kuliko mtu anavyoweza kudhani. Nilikumba kwa mikono miwili, kulia na kushoto, mpaka mvua ikakatika. Haji alisema hajapata kuona mtu anakimbia kwa mikono.

Tumeingia Kwale kupumzika. Nahodha anasema alfajiri utatoka umande, ule upepo wa nchi kavu, na utatufikisha. Simwulizi tena anajuaje.

Jumatatu, 11 Aprili.

Umande ulitoka. Saa tatu na robo tulikuwa mbele ya Raskazone na mji mzima wa Tanga uko wazi. Maji yalikuwa yanashuka na mashua ikasimama mbali na mchanga. Nahodha akalegeza tanga, akanigeukia, jicho limefumba.

“Bwana karani, nikusogeze mpaka ufukweni, usije ukalowa?”

Nikavaa viatu, nikafunga kamba, nikaruka. Maji yalinifika kifuani. Nilisikia kicheko chao nyuma yangu mpaka nilipofika nchi kavu, na mimi nilikuwa nacheka pamoja nao, na nadhani nilikuwa nalia pia.

Nilikimbia mpaka Nguvumali, nikavaa suti, sikuwa na viatu vingine vya kuvaa na suti, nikakimbia mpaka kanisani. Saa nne kasoro dakika mbili. Mzee Noa alikuwa amesimama mlangoni na saa yake ya mnyororo mkononi, na nyuma yake Washambaa thelathini wenye makoti.

“Shikamoo, baba.”

Akaitazama saa, akanitazama, akaiweka saa sikioni kuona kama inakwenda. “Marahaba,” akasema. “Ingia.”

Hapo ndipo nilipogundua kwamba nimekimbia maili mbili na hapakuuma mahali. Ngozi ya viatu ilikuwa imelowa siku nzima na kutanuka, navyo vilinikaa sawasawa. Ila kwa kila hatua vilikuwa vinalia. Kanisa lilikuwa kimya, nami nikapita katikati, kwii, kwii, kwii, nikiacha madimbwi. Mbele ya madhabahu, mchungaji akiwa amefungua kitabu, kaa mdogo alitoka kwenye kiatu cha kushoto, akasimama, akawatazama wageni, akaenda zake upande wa kwaya. Sopranoni palitokea vurugu kidogo.

Ruthi alikuwa akitazama miguu yangu. Mabega yake yalikuwa yanatikisika chini ya shela, nikaogopa kwamba analia.

“Vimekutosha?” akaninong'oneza, na sikuwa na haja ya kuogopa.

“Vimenitosha.”

Nahodha na Haji walikuwa mlangoni, wamevaa kanzu. Walipokula pilau, Mzee Noa aliketi kati yao akiwauliza maswali juu ya bahari, akitikisa kichwa kwa kila jibu.

Jumatano, 13 Aprili. Shaaban kumi na tisa. Maji yanakufa, bamvua limekwisha.

Daftari jekundu nimelikabidhi. Bwana Mkubwa ameuliza kwa nini kurasa nne zimechanwa, na kwa nini Kirui, kwa mara ya kwanza, watu wanne wana ruhusa. Nikamwambia nilifanya kazi kwa kina. Likizo nimepewa.

Jana Ruthi aliviosha viatu kwa maji baridi kuondoa chumvi, akavianika dirishani, jua likavipiga kutwa. Leo asubuhi vimekauka vizuri, vinang'aa, na vimerudi kuwa namba saba. Nimejaribu kuvivaa kwenda kuwasalimu wazee wake kabla hawajapanda mlima. Kisigino hakiingii.

Nikabaki nimekaa kitandani nimevishika. Ruthi alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akachukua ndoo, akatia chumvi kiganja kizima, akaenda kuchota maji.